Namba 4417

Newala, mwezi wa kumi na moja, saa mbili asubuhi.
Ukungu wa bonde la Ruvuma haujayeyuka
na foleni imeshazunguka ghala mara moja na nusu.
Kila mtu na stakabadhi yake,
imekunjwa mara nne, imelainika kwa jasho.

Ndani, mimi na seva.
Naiuliza: Asumini Chikwembe ana kilo ngapi?
Inafikiri.
Inafikiri mpaka chai yangu ya maziwa inafanya utando.
Dakika sita na sekunde kumi na moja.
Dirishani Bi. Asumini hasemi kitu,
anahamisha tu uzito, mguu huu, mguu ule.

Wa Mtwara mjini walisema: nunueni mashine kubwa zaidi.
Mwenyekiti Nandonde alisema: izimeni, muiwashe.
Mimi nikaomba usiku mmoja.

Usiku nikafungua daftari la maswali mazito,
nikaiambia mashine: jibu usinipe,
nieleze njia utakayopita.
Ikaeleza, bila aibu:
nitafungua gunia la kwanza, nisome jina, nilifunge,
nifungue la pili, hivyohivyo hadi la laki tisa.
Hata nikimkuta Asumini kwenye la tatu
sitasimama,
huenda mbele kuna Asumini mwingine.

Sikuicheka. Nani aliwahi kuionyesha njia ya mkato?
Takwimu zake ni za mwaka tulioanza,
wanachama mia mbili,
na bado inaamini tuko mia mbili,
kama mjomba aliyekwenda kukata mkonge Tanga
akarudi anaulizia watoto
ambao sasa wana wajukuu.

Nikaihesabisha upya.
Nikajenga faharasa juu ya namba ya uanachama, si jina,
maana Asumini ni wengi,
na karani huyu huandika Chikwembe, yule Chikwemba.
Si bure, nilijua:
kila gunia jipya sasa litaandikwa mara mbili,
kwenye jedwali na kwenye orodha ya pembeni,
na kijana wa mizani atasubiri kidogo, bila kujua sababu.
Foleni haifi. Unaihamisha tu.
Nikachagua pa kuihamishia.

Ikabaki kufuli.
Safu moja ilikuwa imeshikwa tangu juzi mchana:
mhasibu Likwawa aliifungua arekebishe kilo mbili,
akaitwa msibani Kitangari,
akaondoka bila kuiambia mashine ndiyo wala hapana.
Nyuma yake maswali arobaini na matatu
yamejipanga, kimya, yenye adabu.
Nikampigia. Vilio vilisikika nyuma ya sauti yake.
"Kata tu," akasema.
"Hizo kilo mbili zilikuwa za marehemu."

Nikakata.
Yale arobaini na matatu yakapita kwa mkupuo
kama maji bombani baada ya siku tatu.
Kilo mbili nikaziandika kwa kalamu, kiganjani,
nisizilalie.

Asubuhi Bi. Asumini alikuwa wa kwanza.
4417. Sikuwahi hata kuinua kidole.
Milisekunde tatu.
Kilo mia nne na kumi na mbili, daraja la kwanza,
mnada wa pili,
malipo: bado.

"Bado?"
"Bado, mama. Benki."

Jana zile dakika sita zilikuwa na pa kukaa,
mtu angeweza kuezeka humo bati zima la jikoni,
kulipa ada, kununua sulfa ya msimu ujao.
Leo "bado" imemfika kabla hajajiweka sawa.
Ng'ambo ya barabara vijana wa kangomba
wameegemea pikipiki, wana fedha taslimu,
wanaulizia korosho iliyobaki mtini.

Kwenye kioo changu mstari wa mzigo
umelala chini, umenyooka,
wa kujivunia mbele ya mkaguzi yeyote.

Bi. Asumini akaikunja karatasi palepale ilipozoea kukunjika.
"Haya," akasema, "leo angalau nitawahi shamba."
Sijui kama ilikuwa shukrani.
Nikaita namba inayofuata.